Miaka 50 ya X-Ray Spex, Kama Inavyotazamwa kutoka Isiolo

Desturi ya mtu anayeandika historia ya taasisi ni kuanza na jiwe la msingi na jina la aliyeliweka, kisha akateremka hatua kwa hatua katika orodha ya wakubwa waliorithiana kiti, mpaka akawafikia wale walio hai na wanaongoja kusifiwa. Lakini mwandishi wa historia ya X-Ray Spex hana jiwe wala kiti cha kuanzia, kwa sababu bendi hiyo ya London, iliyoasisiwa mwaka 1976 na msichana wa miaka 19 ambaye baba yake alikuwa Msomali, haikumiliki jengo, haikuandika katiba, ilitoa albamu moja tu katika maisha yake ya kwanza, na maisha hayo yenyewe yalikuwa ya takriban miaka 3. Pamoja na uchache huo, mwaka 2026 unapotimiza nusu karne tangu kuasisiwa kwake, bendi nyingi zilizoishi miaka 30 na kujaza viwanja vya mpira hazina hata robo ya taadhima inayopewa jina lile, na wala hazikuacha swali moja ambalo watu wanaendelea kulijibu.

Naandika haya Isiolo, na nafahamu kwamba msomaji atauliza mji wa mnada wa ngamia na karantini ya ng'ombe una uhusiano gani na muziki wa panki wa Uingereza, muziki wa gitaa za makelele na nguo zilizoraruliwa kusudi. Jawabu limo katika historia ya mji wenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni iliwaruhusu Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wengi wao wakiwa askari waliopigana upande wa Mwingereza, wakae Isiolo na kuchunga mifugo yao. Na wajukuu wao wapo hadi leo, wamechanganyika na Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengineo katika mitaa ambayo mtu husalimiwa kwa lugha 4 kabla hajafika dukani. Jamaa za Waisaaq hao walikuwa wametapakaa katika njia zote za meli za Waingereza, toka Berbera na Aden mpaka Cardiff na London, wakitia makaa katika matanuri ya meli na kupakua shehena gatini, na barua zikipita baina yao kwa wingi kuliko serikali ilivyopenda.

Na barua hizo zilikuwa na neno la kusema. Kodi ya mwaka 1936 ilipowaweka Waisaaq wa Kenya katika daraja lililo chini ya Waasia, walikataa, wakapeleka madai yao Nairobi na London, nao jamaa zao wa ng'ambo wakawaunga mkono. Na shani ya madai yale ni kwamba hawakuomba kupunguziwa, bali waliomba kutozwa kodi kubwa zaidi, ile ile waliyotozwa Waasia, kwa kuwa waliona wazi kwamba karani anayeandika jina la mtu katika safu fulani ya daftari ndiye anayeamua mtu huyo atakaa wapi, atasafiri kwa idhini gani, na hospitalini atalazwa chumba kipi. Ukoloni ulipokwisha, daftari halikufungwa. Watu wa Kaskazini waliendelea kusema kwamba wanakwenda Kenya kila walipovuka kizuizi cha Isiolo kuelekea kusini, na mwaka 1989 Wasomali wa nchi hii waliamriwa wathibitishe uraia wao upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya waridi ya kuchukua pamoja na kitambulisho walichokuwa nacho tangu zamani. Sidai udugu wa damu baina ya mwimbaji wa X-Ray Spex na mtu yeyote wa Isiolo. Ninachodai ni kwamba alichokiimba kilikuwa kimekwisha kuulizwa hapa kwetu kwa wino na muhuri, miaka 40 kabla yake.

Mwimbaji huyo, Marianne Joan Elliott-Said, alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 huko Bromley, katika jimbo la Kent, akakulia Brixton, kusini mwa London. Mama yake, Joan, mwanamke mwenye asili ya Uskoti na Ireland aliyekuwa katibu katika ofisi ya mawakili, ndiye aliyemlea. Baba yake, mtu wa nasaba tukufu kwao aliyepoteza mali na makao akaishia kufanya kazi bandarini, hakuwa naye nyumbani kwa sehemu kubwa ya utoto wake. Kwa hesabu ya Wasomali jambo hili halina utata: mtoto hufuata baba, na mtoto wa Isiolo aliyefika umri wa kutumwa dukani huweza kuitaja abtirsi yake, silsila ya mababu, jina juu ya jina, mpaka kwa babu wa ukoo. Marianne hakufundishwa silsila hiyo. Katika Uingereza ya miaka ya 1960 alikuwa mweusi kwa weupe na mweupe kwa weusi, na jina la Said katika cheti chake halikuwa na mtu karibu wa kulifasiri.

Alipokuwa na miaka 15 alitoroka nyumbani na pauni 3 mfukoni, akazunguka katika tamasha za mashambani pamoja na vijana waliokimbia miji, mpaka msumari wenye kutu ulipomchoma mguuni na damu yake ikaingia sumu, ndipo akarejea. Mwaka 1976 alitoa santuri ndogo ya mtindo wa rege kwa jina la Mari Elliott, iitwayo Silly Billy, nayo haikumfikisha popote. Lau mambo yangekwisha hapo, asingejulikana na mtu. Lakini tarehe 3 Julai ya mwaka huo huo, siku aliyotimiza miaka 19, alikwenda kwenye gati la burudani la mji wa Hastings akawaona Sex Pistols, bendi ya panki, wakipiga mbele ya ukumbi usiojaa, akatanabahi kwamba waliokuwa jukwaani hawakumzidi umri wala elimu ya muziki. Basi akatia tangazo katika magazeti ya muziki, akiwataka vijana wa panki wajiunge naye, na waliofika wakawa bendi: Jak Airport katika gitaa, Paul Dean katika gitaa la besi, Paul Hurding katika dramu, na msichana wa shule aliyejiita Lora Logic katika saksafoni. Yeye mwenyewe alifungua kitabu cha simu cha wafanya biashara, akachagua humo jina la plastiki nyepesi ya kufungia bidhaa, akawa Poly Styrene tangu siku hiyo.

Kuingiza saksafoni katika panki kulikuwa ni kuvunja mwiko. Muziki ule uliasi kila kilichonuka ustadi, na saksafoni ilikuwa chombo cha wastadi wa jazi na cha kumbi za dansi. Lakini Lora Logic aliipuliza kwa ukali na bila kubembeleza, wakati mwingine nje ya sauti sahihi, na juu yake Poly Styrene alipandisha sauti ya juu iliyopasua ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Mzee aliyezoea taarab ya Mombasa ataziba masikio, na simlaumu. Mimi mwenyewe naona kwamba katika santuri za mwanzo bendi hii inapiga kama gari la abiria lililokatika breki katika mteremko, na uzuri wake wote umo katika kuona kwamba dereva hana hofu hata kidogo. Kadhalika mavazi: wakati wenziwe walivaa nyeusi, pini na ngozi, yeye alivaa rangi za kung'aa kama za matangazo ya madukani, kofia za chuma na sketi za mama zetu, na vyuma vya kunyoosha meno vilionekana kila alipofungua kinywa, naye hakuvificha.

Walianza kupiga mwanzoni mwa 1977 katika klabu ya Roxy, mtaa wa Covent Garden, na katika baa ya Man in the Moon, King's Road, Chelsea; na kutoka Roxy wimbo wao mmoja uliingizwa katika albamu ya jukwaani iliyotolewa mwaka huo na kuzisambaza sauti za panki nchi nzima. Wimbo huo, Oh Bondage Up Yours!, ulitolewa baadaye mwaka huo huo kuwa santuri ndogo na kampuni ya Virgin. Unaanza kwa maneno ya kusemwa, si ya kuimbwa, juu ya desturi ya kumtaka mtoto wa kike akae kimya apambe chumba, kisha unalipuka. Haukuingia katika orodha ya santuri zilizouzwa sana, na watu waliosikia jina lake tu walidhani ni la upujufu, ilhali mwenye kusikiliza hadi mwisho hupata hoja juu ya minyororo ya kila namna, ule wa mtumwa, ule wa mwanamke na ule wa mnunuzi asiyejua kwa nini ananunua. Muda mfupi baadaye Lora Logic aliondolewa katika bendi, nafasi yake ikashikwa na Rudi Thomson. Lora akaunda kundi lake mwenyewe, Essential Logic. Waliosimulia habari ile hawakubaliani juu ya sababu, lakini aghalabu wasichana 2 wenye vipaji katika jukwaa moja ni wengi mno kwa meneja na kwa magazeti, na nadhani hasara ya kumkosa Lora katika albamu ilikuwa kubwa.

Mwaka 1978 ndio mwaka wa adhama yao. Walihamia kampuni ya EMI, wakatoa The Day the World Turned Day-Glo, ikafika nafasi ya 23 katika orodha ya Uingereza. Ikafuata Identity, nafasi ya 24. Ikafuata Germ Free Adolescents, wimbo wa polepole na wa huzuni juu ya usafi uliopita kiasi, ukafika nafasi ya 19. Na mwezi wa Novemba ikatoka albamu ya jina hilo hilo, yenye nyimbo 12, ikapanda mpaka nafasi ya 30. Walionekana katika televisheni kwenye kipindi cha Top of the Pops, wakavuka bahari kupiga katika klabu ya CBGB mjini New York, na mwanzoni mwa 1979 BBC ikamfanyia mwimbaji filamu nzima ya kuuliza yeye ni nani.

Katika nyimbo zile 12 nimepata mambo ambayo sikutarajia kuyapata kwa kijana wa miaka 20 na ushei. Aliimba juu ya mfanyakazi wa duka la Woolworths anayejiona shujaa kwa siri, juu ya sayansi ya kubadili mbegu za viumbe, juu ya mtu anayeishi kwa kumla mwenziwe, na juu ya mfuko wa plastiki. Wimbo wa mfuko wa plastiki uliwachekesha watu mwaka 1978. Huku kwetu haukuwa na kichekesho: kabla ya marufuku ya Serikali ya tarehe 28 Agosti 2017, migunga yote ya kandokando ya mji ilikuwa imevaa mifuko katika miiba yake yote, na mfugaji aliyempasua ng'ombe wake aliyekufa bila ugonjwa alikuta tumboni donge la nailoni. Poly Styrene hakuyachukia mambo ya plastiki kama mhubiri anavyoichukia dhambi. Alivutwa na rangi zake, akajivika, akajiita kwa jina lake, kisha akatoa taarifa kutoka ndani yake, na taarifa ya mtu aliye ndani ina uzito kuliko laana ya mtu aliye nje.

Lakini wimbo ninaouweka juu ya zote ni Identity, anapouliza mtu hujitambua kwa kipimo gani katika dunia ambayo kila kioo kimekwisha kupigwa chapa na matangazo. Wachambuzi wa Ulaya waliuandika wimbo huu kuwa ni hoja juu ya biashara na magazeti, na hawakukosea. Ila walisahau kwamba mwandishi wake alikuwa binti wa Msomali na Mwingereza katika miaka ambayo chama cha National Front kilikuwa kikiandamana London kudai watu wa rangi yake warudishwe walikotoka. Mtu aliyekaa katika foleni ya kitambulisho ofisini Isiolo, akaulizwa jina la babu wa babu yake na chifu na kamati ya wazee, ilhali kijana aliyezaliwa Nyeri amekwisha kupewa chake na kwenda zake, atausikia wimbo ule kwa sikio jingine. Upekuzi huo wa ziada ulitangazwa kufutwa na Rais William Ruto mjini Wajir mwezi wa Februari 2025.

Tarehe 30 Aprili 1978 X-Ray Spex walisimama jukwaani Victoria Park, mashariki ya London, katika tamasha la Rock Against Racism, pamoja na The Clash, Steel Pulse na bendi ya Tom Robinson. Harakati hizo zilizaliwa mwaka 1976, baada ya mpiga gitaa Eric Clapton kutamka jukwaani mjini Birmingham maneno ya kuwatukana wageni, yeye aliyetajirika kwa muziki wa watu weusi. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana kutoka Trafalgar Square mpaka bustanini. Walioimba siku ile walikuwa wengi, na aghalabu The Clash ndio wanaokumbukwa kwa sababu walipigwa picha za filamu zilizosambaa. Lakini katika bendi zile zenye majina makubwa, ni X-Ray Spex peke yake iliyoongozwa na mwanamke, tena mwanamke mwenye damu ya pande zote 2 za ugomvi uliokuwa ukizungumzwa. Alikuwa amekwisha kusema kwamba siku atakapofanywa kitu cha kutamaniwa na macho ya wanaume atanyoa nywele zote, na mwaka ule alinyoa.

Uluwa huo ulimgharimu. Safari zilikuwa nyingi na usingizi haba, na baada ya onyesho moja mjini Doncaster mwaka 1978 aliona mbinguni kitu chenye mwanga wa waridi ambacho wenziwe hawakukiona. Alipelekwa hospitali, akaambiwa ana skizofrenia, akaambiwa pia kwamba hatafanya kazi tena. Ilikuwa mwaka 1991 ndipo madaktari walipotambua kwamba maradhi yake ni yale ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ambayo yana tiba nyingine na matumaini mengine. Miaka takriban 13 ni mingi kwa mtu kuishi na jina la ugonjwa usio wake. Katikati ya 1979 alijitoa, na bendi bila yeye haikuwa bendi. Jak Airport na Paul Hurding walikwenda kuanzisha Classix Nouveaux.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1980 alitoa albamu ya peke yake, Translucence, ya upole na sauti ya chini, nayo wapenzi wa panki waliiona kuwa ni usaliti, ingawa leo nyingi katika nyimbo zake zinasikika changa kuliko hasira za wenziwe. Mwaka 1981 alimzaa binti, Celeste Bell. Aliingia katika madhehebu ya Hare Krishna akaishi kwa muda katika hekalu lao. Baba zetu wa Isiolo wasingelipenda jambo hilo, na mimi siwezi kulificha ili nimpendeze mtu. Mwaka 1995 X-Ray Spex ilirudi na albamu ya pili, Conscious Consumer, akiwamo Lora Logic, lakini kabla haijatangazwa vya kutosha mwimbaji aligongwa na gari la zimamoto akavunjika, na mambo yakafifia tena. Jak Airport alifariki mwaka 2004. Tarehe 6 Septemba 2008 bendi ilipiga kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa Roundhouse, London, mbele ya watu wapatao 3,000. Albamu ya Poly Styrene ya peke yake, Generation Indigo, ilitoka mwezi wa Machi 2011 akiwa amelala na saratani ya titi iliyosambaa mwilini, na tarehe 25 Aprili akafariki, umri wake miaka 53.

Urithi wa taasisi isiyo na nyumba hukaguliwa kwa waliokuja baadaye. Wanawake wa Marekani walioanzisha bendi za ukali katika miaka ya 1990, Kathleen Hanna miongoni mwao, wamekiri deni lao, na Neneh Cherry ameeleza jinsi kumwona msichana mwenye rangi kama yake jukwaani kulivyomfungulia mlango. Mwaka 2021 Celeste Bell na Paul Sng walitoa filamu juu ya mama huyo, ambamo maneno ya shajara yake yanasomwa na Ruth Negga, mwigizaji aliyezaliwa Addis Ababa kwa baba Muhabeshi na mama wa Ireland. Na sidhani kwamba chaguo hilo lilifanywa kwa bahati. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, wale vijana 2 wa Nairobi walioitwa Duma, waliotolewa santuri mwaka 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walipiga kwa ukali uliozidi wa X-Ray Spex mara nyingi, na hakuna aliyewauliza tena kama muziki huo ni wa Mwafrika.

Kuna hatari moja katika maadhimisho kama haya, nayo ni kwamba wenye nasaba watamnyakua marehemu wakamfanya pambo. Nimewasikia vijana wakimtaja Poly Styrene kama fahari ya Wasomali, na wengine kama fahari ya Waingereza weusi, kila mmoja akimvuta upande wake. Yeye aliandika nyimbo zake dhidi ya mvutano huo huo. Tukimdai, tumdai kwa ukamilifu wake: pamoja na mama yake wa Kiskoti na Kiayalandi, hekalu lake, maradhi yake, na plastiki yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wa Isiolo ni dogo. Zimo majumbani mwetu barua zilizotoka Aden na Cardiff, vyeti vya askari wa vita vya 1914, risiti za kodi zenye neno lililofutwa na kuandikwa jingine, na kadi za waridi za 1989 ambazo wenyewe wanaona haya kuzionyesha. Zitoeni, zinakiliwe, ziwekwe maktaba ambako mwanafunzi anaweza kuziomba na kuzisoma. Na kijana anayejifunza gitaa atafute albamu ile ya 1978 aisikilize toka wimbo wa kwanza hadi wa 12 kabla ya kusoma lolote lililoandikwa juu yake, likiwamo hili langu.